Fundi Friji Aliyekataa Kutia Sahihi: Mama Barafu Anaaga

Ijumaa tarehe ishirini na nane mwezi huu, Mama Barafu atakabidhi funguo za karakana ya vipokezi na kustaafu rasmi, baada ya kukitumikia kituo chetu cha darubini ya redio kwa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja. Hizo siku kumi na moja amezihesabu mwenyewe na kuagiza zisiachwe. Kamati ya sherehe ilipotafuta mtu wa kuandika wasifu huu, kazi iliniangukia mimi, mwendesha darubini, kwa sababu chumba changu kinapakana ukuta na karakana yake. Kwa miaka kumi na tisa nimesikia kila alichokitengeneza na kila alichokitukana.

Jina lake kamili limo kwenye cheti atakachopewa siku hiyo, lakini hapa kituoni hakuna anayelitumia. Iliwahi kuja barua kutoka makao makuu imeandikwa "Kwa Bi. Barafu, Karakana", na ikamfikia bila kupotea njiani.

Alikuja kwetu akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, fundi friji mwenye sanduku la spana na kitambaa cha kufutia mikono begani. Hadi wakati huo alikuwa akitengeneza majokofu ya mabucha na ya maduka ya dawa. Tangazo la kazi lilisema anatakiwa fundi wa mitambo ya kupoza, naye akadhani kituo kina kantini kubwa. Siku ya kwanza akaonyeshwa chombo cha chuma kinachotoshana na ndoo ya maji, akaambiwa kazi yake itakuwa kukiweka kwenye nyuzi joto mia mbili hamsini na tatu chini ya sifuri, mchana na usiku, mwaka mzima.

"Mnagandisha nini humu?" aliuliza.

"Hatugandishi kitu, dada," alijibiwa. "Tunakipoza ili kisikie vizuri."

Alicheka, halafu akaomba aelezwe upya, taratibu. Na kwa kuwa siku ya sherehe tutakuwa na ndugu na majirani zake wengi, acha nami niwaeleze kama alivyoelezwa yeye. Kila kitu chenye joto hutoa mnong'ono wa mawimbi ya redio: ukuta, kiti, kiganja cha mkono, hata kipokezi chenyewe, yaani kile chombo cha chuma kinachopokea mawimbi. Gesi tunayoitafuta iko mbali mno, na mawimbi yake yakitufikia huwa yamechoka kabisa. Kipokezi kikiachwa na joto lake, hujisikia chenyewe, kama mtu anayetafuna karanga huku anataka kusikia siri ya chumba cha pili. Ukikipoza, kinanyamaza, kisha kinasikia. Mama Barafu ndiye aliyekinyamazisha kwa miaka yote hiyo, kwa kompresa, mabomba ya gesi ya heli na subira ambayo mimi binafsi sina.

Hakuishia kwenye kupoza. Mwaka wa tano alikuwa amejifunza kusoma michoro ya saketi. Mwaka wa tisa aliunda kipokezi chake cha kwanza kuanzia bati hadi waya wa mwisho, akakiweka kwenye rafu wiki nzima kabla hakijapandishwa, eti kizoee mazingira. Mtu yeyote aliyeingia karakana na simu ya mkononi ikiwaka alitolewa nje bila kujali cheo. Waziri mmoja aliyetembelea alitolewa kwa heshima, lakini alitolewa.

Kuna mwaka tulisumbuliwa na kelele za ajabu kwenye michoro yetu. Zilianza saa kumi na moja jioni kila siku na kukatika zenyewe baada ya saa moja hivi. Watafiti waliandika barua kwa kampuni ya simu, kwa uwanja wa ndege, kwa kituo cha umeme. Mama Barafu alichukua antena ndogo ya mkononi akazunguka uzio kwa miguu siku tatu mfululizo, hadi akafika kwenye kibanda cha mlinzi na kumkuta mzee wa watu anapambana na mbu kwa ile raketi ya umeme. Kila mbu aliyelipuka alikuwa amesajiliwa kwenye kumbukumbu zetu kama jambo la angani. Hakumripoti. Alirudi kesho yake na chandarua kilichoshonwa na mume wake kwa vipimo vya kibanda, akachukua raketi kama mateka, na kelele zikaisha.

Mume wake ni fundi cherehani, na duka lake liko barabara inayoshuka kutoka lango letu kubwa. Ndiye anayewaambia wateja kwamba mke wake anatengeneza friji ya nyota. Wengi huitikia tu kwa kichwa na kuendelea kupimwa kiuno.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo bila hilo sherehe hii isingekuwepo, wala kituo chenyewe.

Katika mwaka wake wa ishirini na mbili wa kazi, tulikuwa tukichunguza galaksi mbili zinazogongana na kuungana polepole kuwa moja. Sisi tuliziita Wanandoa. Mama Barafu alipinga. Alisema hazionekani kama watu waliooana, zinaonekana kama watu wanaogombea blanketi moja. Alikuwa karibu na ukweli, maana gesi yao imevutwa na kuviringwa hadi huwezi kusema hii ya nani na ile ya nani. Ndani ya kila galaksi kuna shimo jeusi kubwa katikati, na moja kati ya hayo mawili lilikuwa linakula gesi kwa fujo na kutoa mawimbi makali ya redio. Hicho ndicho wataalamu wanachokiita kiini hai.

Mtafiti wetu mkuu, ambaye sote tulimwita Profesa hata kabla hajawa profesa, alikuwa akitafuta jambo moja: je, kiini kile kinachokula gesi, kinaitapika pia? Gesi ikisimama mbele ya kiini humeza sehemu ya mawimbi, na kwenye mchoro wetu huonekana bonde. Gesi hiyo ikiwa inarushwa nje kuja upande wetu, bonde linaota bawa upande wa kushoto, refu na jembamba. Kadiri bawa linavyorefuka, ndivyo gesi inavyokimbia. Na kiini kikishatupa gesi yake yote nje, galaksi hubaki bila malighafi ya kuumbia nyota mpya. Kwa hiyo swali la Profesa lilikuwa swali kubwa: galaksi hizi zitakuwa nini baada ya kuungana?

Profesa alilipata bawa. Lilikuwa refu ajabu, la gesi inayokimbia kilomita elfu moja kwa sekunde. Mchoro ukabandikwa ukutani kwenye chumba cha chai, watu wakakumbatiana, Mkurugenzi akaagiza keki. Furaha hiyo ilikuwa na sababu nyingine pia. Siku kumi na nne baadaye ilikuwa inakuja tume ya kuamua kama darubini yetu iendelee au ifungwe, na tetesi zote zilisema ifungwe. Bawa lile lilikuwa jibu letu kwa tume.

Mama Barafu aliingia chumba cha chai, akaweka kikombe chini, akasimama mbele ya ule mchoro na kuuchunguza kwa muda mrefu. Kisha akaenda karakana akarudi na daftari la majaribio ya miaka mitatu nyuma. Ndani yake mlikuwa na mchoro alioupata siku alipoielekeza darubini kwenye anga tupu lisilo na galaksi yoyote. Umbo lilelile la bawa lilikuwepo, dogo, lenye upana uleule.

Alieleza hivi. Sahani yetu, lile bakuli la darubini linalokusanya mawimbi, ina kipenyo cha mita thelathini, na kipokezi kimekaa juu yake kwenye miguu minne ya chuma. Mawimbi mengine hugonga kipokezi, yakarudi kwenye sahani, yakapanda tena, kama mwangwi kwenye chumba kisicho na samani. Mwangwi huo huchora mawimbi ya uongo kwenye mchoro. Na bonde mojawapo la mawimbi hayo lilikuwa limekaa hasa pale bawa la Profesa lilipoota.

"Hilo tumeshalisahihisha kwenye kompyuta, dada," Profesa alisema.

"Mmelisahihisha kwa kukisia," alijibu. "Mimi nataka kulisahihisha kwa spana."

Kila ripoti ya utafiti hapa huambatana na fomu ya hali ya kipokezi, nayo hutiwa sahihi na fundi mkuu wa vipokezi. Alikataa kutia sahihi. Nilikuwepo, kalamu ilikuwa mkononi mwake, akairudisha mezani taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

Mkurugenzi akamwita ofisini, na mimi nikaitwa pia kama shahidi wa vipimo. Nilitamani moyoni ningekuwa likizo.

"Mama, unajua tume inakuja lini?"

"Najua, mkuu. Zimebaki siku kumi na mbili."

"Na unajua tukiwapokea mikono mitupu itakuwaje?"

"Wakitufungia kwa sababu hatuna kitu, nitabeba sanduku langu nirudi kwenye mabucha, friji hazijaisha duniani. Wakituacha kwa sababu ya kitu ambacho hakipo, mkuu, nitakuwa nakuja kazini kufanya nini?"

Mkurugenzi alihesabu siku kwenye kalenda ya mezani. Kisha akampa siku nane.

Tiba aliyoitaka ilikuwa rahisi kuisema. Kipokezi kipandishwe juu sentimita tano na nusu, robo ya wimbi lenyewe. Nusu ya saa za uchunguzi zifanywe kikiwa chini, nusu kikiwa juu, kisha michoro miwili ijumlishwe. Mgongo wa mwangwi ungekutana na bonde la mwangwi, vifutane. Kitu kinachotoka angani kweli kisingejali kipokezi kiko wapi, kingebaki.

Ugumu ni kwamba skrubu ya kupandishia kipokezi ilikuwa imeshika kutu kwa miaka tisa na haikuwa ikisogea. Kuitengeneza kulihitaji mtu apande kwa kreni, kwenye kikapu, juu kabisa ya sahani. Na hapo ndipo tulipogundua jambo ambalo Mama Barafu alikuwa amelificha kwa miaka ishirini na miwili. Anaogopa urefu. Vipokezi siku zote vilikuwa vikiteremshwa na kuletwa karakana, kwa hiyo hakuwahi kulazimika kupanda, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Angeweza kumtuma mwingine. Fundi mitambo wetu, mzee wa karakana kubwa tuliyemwita Grisi, alijitolea kupanda peke yake. Alikataliwa, kwa sababu kuna nyaya nyembamba kama unywele zinazopita pembeni ya ile skrubu, na aliyezijua kwa vidole alikuwa mmoja tu. Asubuhi ya siku ya kwanza nilimwona amesimama chini ya kreni, amefumba macho, midomo inacheza. Halafu akaingia kikapuni, akajifunga mkanda mara mbili, akamwambia Grisi, "Twende kabla sijabadilisha mawazo, na ukinisikia nalia usinisemeshe."

Upepo ulikuwa unavuma. Kikapu kiliyumba. Kutoka dirishani kwangu niliona ameukumbatia mguu wa chuma kwa mkono mmoja, na bado kila baada ya muda spana ilizunguka. Mchana mume wake alikuja na chakula kwenye chombo, akasimama kwenye nyasi na kuinua uso. Nadhani kila mtu alitegemea amwombe mke wake ashuke. Badala yake akakusanya mikono mdomoni akapaza sauti yake yote:

"Mama watoto! Usiangalie chini! Niangalie mimi!"

Ilichukua muda kidogo kabla kicheko hakijaanza kule juu. Grisi anasema kikapu kiliyumba zaidi kwa kicheko kuliko kwa upepo. Mama Barafu alimwangalia, akagundua ametazama chini na hajafa, na kuanzia hapo akafanya kazi kwa mikono yote miwili.

Siku ya tatu, nati kubwa ya skrubu ikapasuka vipande viwili. Hakukuwa na nyingine popote. Mtengenezaji wake alishaacha biashara. Nilidhani mchezo umeisha. Grisi alitafuta kipande cha shaba kwenye chuma chakavu, akakichonga kwenye mashine tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri huku Mama Barafu akisimama kando na kipimo, akimwambia toa kidogo, toa kidogo, basi. Siku ya nne asubuhi aliyeshika kamba ya kuzuia kikapu kisiyumbe alikuwa Profesa. Walikuwa hawajasemeshana tangu chumba cha chai. Alishika kamba hadi viganja vikachubuka, na saa sita mchana kipokezi kikapanda sentimita tano na nusu, kikashuka, kikapanda tena.

Zilibaki siku nne. Watu wa nje hudhani sisi ni watu wa usiku, lakini darubini ya redio haina ugomvi na jua, na msimu ule Wanandoa walikuwa wanachomoza saa mbili asubuhi na kuzama alasiri. Tulifanya uchunguzi siku tatu, kila siku nikiongoza sahani mimi mwenyewe. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, Profesa alijumlisha michoro miwili huku sote tumemzunguka.

Bawa likafutika. Lile refu, lililobandikwa ukutani, lilitoweka mbele ya macho yetu kama hema lililong'olewa vigingi. Profesa aliondoa miwani yake akaiweka juu ya meza. Mkurugenzi alitoka nje bila kufunga mlango. Nilimwangalia Mama Barafu, na naomba iandikwe hapa kwamba hakuonekana kama mtu aliyeshinda. Macho yake yalijaa machozi. Alikuwa amepanda kule juu kwa hofu ile yote, akateremka na habari ya kutufunga sote.

Lakini hakuyaondoa macho kwenye skrini.

"Kaka, subiri," alisema. "Hiki kipande kidogo hapa mbona hakijaondoka?"

Kilikuwa kijibawa kifupi, cha kilomita mia nne kwa sekunde, kimejishikiza kwenye ukingo wa bonde. Profesa alirudisha miwani machoni. Na hapo Mama Barafu akafanya kile ambacho ndicho tabia yake yote: akaanza kukishambulia. Akaagiza tubadilishe nyaya. Kikabaki. Akaagiza tukipashe kipokezi joto kidogo na kukipoza upya. Kikabaki. Kesho yake, siku ya nane, akaagiza tuielekeze sahani kwenye kiini kingine chenye nguvu kama kile lakini kisicho na gesi mbele yake. Mchoro ukatoka umenyooka kama rula. Tukarudi kwa Wanandoa, kijibawa kilekile kikajitokeza.

"Leta fomu," alisema, akaitia sahihi akiwa amesimama.

Profesa aliandika ripoti upya kwa siku mbili. Mbele ya tume alionyesha michoro yote miwili, wa uongo na wa kweli, kisha akakaa chini na kumwomba fundi aeleze. Mama Barafu alisimama na ovaroli lake, mifuko imejaa spana. Mwenyekiti wa tume, mama mmoja mkali wa maswali, alimuuliza kwa nini wanaonyeshwa makosa ya kituo wakati kituo kinajitetea.

"Ili muelewe hiki kilichobaki, mheshimiwa. Tumekipiga kila pigo tunalolijua, na kimekataa kufa."

Tume haikutupigia makofi. Ilitupa miaka miwili ya majaribio. Kabla hiyo miwili haijaisha, mtandao wa sahani nyingi wa nchi za mbali, wenye macho makali kuliko yetu, ulizichunguza galaksi zile na kuiona gesi ikitoka kwenye kiini chenyewe, kwa mwendo ulio karibu sana na wetu. Miaka miwili ikageuka mitano, na leo hakuna anayezungumzia kufunga. Jina la Mama Barafu ni la pili kwenye ripoti hiyo, kwa amri ya Profesa. Nakala yake mume wake ameitundika dukani kati ya vipimo vya suruali, na wako wateja walioomba washonewe ule mtindo.

Tangu hapo ameunda vipokezi vingine viwili na kufundisha mafundi sita, wanne kati yao wakiwa wanawake. Kila mmoja alianza kwa kutengenezeshwa friji ya kawaida, akaambiwa akishindwa kupoza maziwa asiziguse galaksi. Kreni ameipanda mara kumi na tatu zaidi. Anasema hofu haijapungua hata kidogo, amezoea tu kwenda nayo.

Kiini cha pili cha Wanandoa, kile kilichokuwa kimya, hatujawahi kukisikia. Kwa miezi mitatu iliyopita ameacha shughuli nyingine zote na kukiandalia kipokezi kipya, ambacho kilipandishwa juu Jumanne iliyopita kikafanya kazi mara ya kwanza. Kwenye kikao chake cha mwisho aliulizwa kama hajutii kuondoka kabla ya matokeo. Alitutazama mmoja mmoja, mafundi wake, mimi, Profesa aliyekaa nyuma na mvi zake.

"Msinipigie simu kuniuliza mfanye nini, kazi mnaijua," alisema. "Nipigieni siku mtakayokisikia. Na kabla ya kunipigia, mjaribu kwanza kukiua."

Mama Barafu, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa kituo, asante kwa sikio ulilolinyamazisha ili sisi tusikie, na kwa ile kalamu uliyoirudisha mezani. Tunamshukuru baba watoto, aliyetuazima mke wake kwa miaka thelathini na minne bila kulalamika kwa sauti ya kusikika. Tunakutakia afya njema, magoti yasiyouma, na asubuhi ndefu zisizo na kengele ya kompresa. Namba yako ya simu tumeiandika juu ya meza ya chumba cha kuongozea, kwa wino usiofutika. Tutaipiga.